Ushahidi Hukusanywa Kabla ya Kesi

Ndugu mkulima, mwezi huu twaacha habari za mbolea na viwavi, tuzungumze juu ya karatasi, mawe ya mpaka na mashahidi. Sababu ni hii. Wakulima wengi wa mashamba ya makazi hufika ofisi ya kilimo wakiomba barua ya kupeleka kortini. Mmoja asema, "Bwana karani, niandikie kwamba ng'ombe wa jirani walikula mahindi yangu mwaka juzi." Mwingine ataka tuseme kwamba babake ndiye aliyepanda ile miembe ya mpakani. Huenda wote wawili wasema kweli. Lakini shamba la yule wa kwanza limelimwa mara nne tangu siku ile, na hakuna mtu wa ofisi aliyekwenda kuliona. Ofisi haiwezi kushuhudia jambo ambalo haikuliona.

Sheria yetu ya Ushahidi, ambayo imetumika tangu Desemba 1963, yasema kwamba anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Hakimu hatatembea kijijini kuuliza ni nani mtu mwema. Atapima yaliyoletwa mbele yake. Kwa hiyo mtu mwenye haki na mikono mitupu aweza kushindwa na mtu mwenye haki ndogo na faili iliyopangwa vizuri. Jambo hili halipendezi, lakini ndivyo lilivyo.

Kesi ya wazee waliokwenda London

Kuna kesi moja kubwa ambayo yafaa kila mkulima wa Ukambani aijue, kwa maana yaonyesha nguvu ya ushahidi uliohifadhiwa na hasara ya ule uliopotea. Mwezi wa Juni 2009 Wakenya watano waliishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Walisema kwamba waliteswa vibaya walipokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Oktoba 1952. Wasomaji wa Yatta hawahitaji kuelezwa habari za kizuizi, kwa maana mfereji wanaonyweshea mimea yao ulichimbwa na watu wa kizuizini katika miaka ile ya 1950.

Fikiri ugumu wa kesi yao. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita. Maofisa wengi na walinzi wengi wa kambi walikuwa wamekufa. Sheria ya Uingereza kwa kawaida humpa mtu aliyeumizwa miaka mitatu tu ya kudai. Serikali ya Uingereza ilisema kwanza kwamba lawama yote ilihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya Uhuru. Jaji McCombe alikataa hoja hiyo Julai 2011. Kisha ikasema kwamba haiwezekani kusikiliza kwa haki kesi ya zamani namna hiyo.

Basi ushahidi ulikuwa nini? Kwanza, wazee wenyewe, waliosimulia yale waliyotendewa katika miili yao. Pili, wanahistoria kama David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamesoma karatasi za wakati ule, wakazieleza mahakamani. Tatu, karatasi zenyewe, na habari zake ni za ajabu. Kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa Desemba 1963, maofisa walizichambua faili za Serikali. Nyingine zilichomwa moto. Nyingine zilipelekwa Uingereza kwa siri, na mwishowe zikawekwa katika jumba moja la Serikali liitwalo Hanslope Park. Ni kesi hii iliyozifichua mwaka 2011: faili za Kenya zipatazo 1,500, katika masanduku kama 300. Ndani yake mlikuwa na barua za wakubwa wakiandikiana juu ya mambo ya kambini wakati mambo yenyewe yalipokuwa yakitendeka.

Susan Ngondi alifariki kesi ikiendelea. Uamuzi juu ya miaka iliyopita ulipotolewa tarehe 5 Oktoba 2012, waliobaki mbele ya jaji walikuwa watatu. Jaji aliona kwamba, ingawa mashahidi wengi wamekufa, maandishi ya wakati ule ni mengi sana, na kesi yaweza kusikilizwa kwa haki. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge lao kwamba Serikali yake imekubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wadai 5,228.

Lakini habari haikuishia hapo. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya namna ile ile baadaye. Mwaka 2018 mahakama ya London iliikataa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba muda mrefu mno umepita, ushahidi umechakaa, na kesi haiwezi tena kusikilizwa kwa haki. Hakuna aliyesema kwamba wazee hao wote ni waongo. Wakati ndio uliowashinda.

Niongeze jambo moja la Hola, kwa sababu Wambugu wa Nyingi alikuwa miongoni mwa walionusurika pale. Tarehe 3 Machi 1959 watu kumi na mmoja wa kizuizini walikufa katika kambi ya Hola. Tangazo la kwanza la Serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Daktari alizipasua maiti na kuandika alichokiona, yaani alama za kupigwa. Tangazo lile halikuweza kusimama mbele ya maandishi ya daktari. Kama miili ingalizikwa upesi bila kuchunguzwa, labda mpaka leo tungalikuwa tukisimuliwa habari za maji.

Karatasi za shamba lako

Sasa turudi nyumbani. Mashamba ya makazi yana historia yake ya karatasi, na vijana wengi hawaijui. Makazi ya Makueni yalianzishwa katika miaka ya 1940, na yale ya Mua yalitokana na mashamba ya wazungu yaliyogawanywa karibu na wakati wa Uhuru. Katika mpango wa wakati wa Uhuru, aliyegawiwa shamba alipewa barua, akalipa kwa mkopo wa Serikali kidogo kidogo, na kila alipolipa akapewa stakabadhi. Deni lilipokwisha, ndipo palipokuwa na njia ya kupata hati ya kumiliki. Wazee wengi walilipa mpaka shilingi ya mwisho, wakatulia, wasiende kuchukua hati. Wamefariki, na watoto wamebaki na namba ya shamba kichwani na stakabadhi zilizoliwa na mchwa.

Kama wewe ni mmoja wao, usingoje mtu aje na madai. Tafuta sasa barua ya kugawiwa, stakabadhi zote hata zilizochanika, barua zo zote kutoka ofisi ya makazi, na cheti cha kifo cha mzee. Kisha uende kwenye ofisi ya ardhi, uulize rekodi yao yasemaje juu ya namba hiyo, na uombe jibu kwa maandishi. Kosa la jina likigunduliwa wakati hakuna ugomvi, ni kazi ya fomu na kiapo. Likigunduliwa wakati mtu mwingine ameshafungua kesi, ni kazi ya wakili.

Na wale wanaonunua au kuuza? Tangu tarehe 1 Juni 2003 mapatano ya kuuza ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyeiona ikitiwa. Shamba la kilimo lahitaji pia kibali cha Bodi ya Kusimamia Ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi sita tangu siku ya mapatano. Mtu akikuambia kwamba mbuzi wa kuchinja na mikono ya wazee yatosha, mheshimu, ule nyama yake, kisha umwombe karatasi.

Jiwe la mpaka

Ugomvi wa mpaka ndio mwingi kuliko yote. Jua kwanza kwamba, kwa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, korti haitasikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa njia ya sheria hiyo, na mlango wa njia hiyo ni Msajili wa Ardhi. Yeye hutoa notisi kwa majirani, huja na mpima, huangalia ramani, na huwasikiliza walioko. Wengi hukimbilia kortini na kupoteza fedha kwa kuruka hatua hii.

Siku Msajili atakapokuja, shamba lenyewe litakuwa shahidi. Safu ya mikonge iliyopandwa na mzee, mnyaa mnene wa miaka arobaini, mfereji wa kukinga mmomonyoko unaoishia mahali fulani, kisiki cha mti wa zamani: vyote hivi husema. Kwa hiyo usivikate kwa ajili ya kusafisha shamba, na usipande mikonge mipya kando ya ile ya zamani ukidhani kwamba hakuna atakayejua umri wake. Mpima ajua, na watu wa kilimo twajua zaidi. Sheria humtaka mwenye shamba atunze alama za mpaka wake, na kuondoa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai. Jiwe likisukumwa na trekta au kuzolewa na maji, usilirudishe kwa mkono wako. Liache lilipo, lipige picha, mwite jirani na mzee wa kijiji walione, kisha upeleke habari.

Wazee wakiamua ugomvi, jambo hilo ni jema. Katiba ya mwaka 2010 yaruhusu njia za jadi za kupatanisha watu, maadamu hazivunji haki wala sheria. Lakini uamuzi wa nzama uandikwe siku ile ile: nani walikuwapo, nani alisema nini, mpaka ulionyeshwa wapi. Kila mmoja atie sahihi au kidole gumba, na kila upande upate nakala. Zamani hofu ya kithitu ilitosha kumfunga mtu kwa neno lake. Siku hizi mjukuu hana hofu hiyo, naye atakana yale babu aliyoyakubali.

Siku hasara inapotokea

Tuseme umeamka ukakuta ng'ombe katika mahindi. Hasira itakuambia uwakate ng'ombe kwa panga. Ukifanya hivyo utakuwa mshtakiwa, na mahindi yako yatasahauliwa. Waondoe bila kuwajeruhi. Lakini kabla hujawaondoa, piga picha wakiwa ndani, na mwite mtu asiye wa nyumba yako aone. Kisha toa habari kwa chifu au naibu wake, na kituo cha polisi, ambako habari itaandikwa katika kitabu cha matukio. Omba namba yake, ile iitwayo OB, uiandike.

Hatua inayofuata ndiyo inayosahauliwa sana: mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba siku hiyo hiyo au kesho yake, na usiguse shamba kabla hajafika. Using'oe mabua yaliyovunjika. Usiwape mbuzi mabaki. Usipande tena. Najua kwamba udongo una unyevu na mvua ya Ukambani haimngoji mtu, na ndiyo sababu yafaa umwite upesi. Ofisa atahesabu miche iliyoharibika, atapima sehemu, ataandika mmea ulikuwa na umri gani na ungetarajiwa kuzaa nini. Ripoti yake itakuwa na tarehe na sahihi, naye aweza kuitwa kortini kuieleza.

Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa maana korti hailipi hasara ya kukisia. Hasara ya fedha lazima itajwe waziwazi katika madai na ithibitishwe. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, hufika karibu miche 18,000 kwa ekari. Basi miche 900 iliyoliwa ni sehemu moja ya ishirini ya ekari. Mkulima anayedai ekari nzima kwa miche 900 atapoteza hata ile sehemu yake ya haki, maana hakimu akikupata na uongo mmoja hatajua aamini lipi katika mengine.

Miembe na michungwa iliyokatwa hushughulikiwa vivyo hivyo. Acha visiki ardhini na magogo yalipoangukia mpaka yahesabiwe na kupimwa. Na mbegu isiyoota? Hifadhi pakiti yenye lebo na namba zake, risiti ya duka, na konzi moja ya mbegu iliyobaki ndani ya pakiti ile ile. Shirika la Serikali la ukaguzi wa mimea, KEPHIS, laweza kupima mbegu, lakini haliwezi kupima mbegu ambayo imekwisha kuoza shambani.

Daftari la shamba

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, kwa hiyo utanisamehe nikisifu daftari la mazoezi. Daftari la kurasa 96 halina gharama kubwa, na maandishi yaliyoandikwa siku ya tukio hukumbusha yale ambayo kichwa kitayasahau. Lakini kuna namna ya kuandika. Mtu akiandika, "Leo jirani ametuharibia mali tena kwa sababu ya wivu," ningempa alama mbili kwa kumi. Hatuambii siku, wala mali gani, na wivu hauonekani kwa macho. Sasa soma hii:

"Jumanne, 14 Mei 2024, saa moja na nusu asubuhi. Nimekuta ng'ombe saba katika mahindi upande wa mto. Watatu wana chapa ya jirani wa mashariki, wanne siwajui. Mke wangu aliwaona, na pia kijana anayechunga mbuzi wa shamba la tatu. Mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele. Nimepiga picha nne."

Huyu nampa tisa. Neno "siwajui" ndilo lenye thamani kubwa, kwa maana mtu anayekubali asichokijua huaminiwa katika anachokijua. Andika kwa kalamu ya wino, usirarue kurasa, na ukikosea kata neno kwa mstari mmoja ili lisomeke bado.

Shahidi naye ni hivyo hivyo. Sheria yamtaka aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe, si alichoambiwa sokoni. Usimfundishe maneno. Andika jina lake na mahali anapokaa, kwa maana vijana huhamia Nairobi na Mombasa, na kesi yaweza kuchukua miaka. Kama shahidi wako ni mzee sana, mweleze wakili mapema, aandikishe maelezo yake kwa kiapo angali ana nguvu.

Picha na simu

Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo, R. O. Barnes, alipiga picha za vilima vya Machakos vilivyokuwa vimeliwa na mmomonyoko. Zaidi ya miaka hamsini baadaye watafiti walisimama mahali pale pale, wakapiga tena, na dunia ikaona jinsi Wakamba walivyoponya ardhi yao kwa matuta na miti. Hilo liliwezekana kwa sababu mahali na mwaka wa picha zile vilijulikana. Picha isiyo na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani.

Simu yako ni kamera nzuri. Piga kwanza picha ya mbali yenye kilima, barabara au nyumba inayojulikana, ndipo upige ya karibu. Usiifute picha ya asili katika simu baada ya kuituma kwa WhatsApp, kwa maana picha ikitumwa kwa njia hiyo hupunguzwa na hupoteza habari za saa na mahali. Korti za Kenya hupokea ushahidi wa simu na kompyuta, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa chombo gani. Wakili atakiandaa, wewe umweleze ukweli wa simu ilikuwa ya nani. Malipo ya M-Pesa yathibitishwe kwa taarifa rasmi ya kampuni ya simu, kwa maana ujumbe hufutika na simu huibiwa.

Kuweka

Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe lashinda kabati la mbao, kwa sababu ya mchwa. Karatasi ziwekwe katika bahasha, mbali na moshi wa jiko na mahali paezeko linapovuja. Usizipake plastiki kwa joto la mashine, kwa maana hati iliyofungwa hivyo haiwezi kupigwa mhuri tena, na ofisi yaweza kuitilia shaka. Usiandike cho chote juu ya hati ya asili, hata namba ya simu. Toa nakala mbili, moja ikae kwa mtoto au ndugu anayeishi mbali, ili moto wa nyumba moja usimalize zote. Asili ikipotea kweli, sheria yaruhusu nakala katika hali fulani, lakini utatakiwa kueleza ilivyopotea. Kwa hiyo toa habari polisi siku ile ile unapogundua.

Kumbuka pia miaka. Kudai ardhi kuna kikomo cha miaka kumi na miwili, kudai kwa mapatano yaliyovunjwa ni miaka sita, na kudai hasara kama ile ya ng'ombe ni miaka mitatu. Mtu anayekaa waziwazi katika kipande chako kwa miaka kumi na miwili bila ruhusa yako aweza kwenda kortini kukiomba kiwe chake. Kama ulimwachia ndugu alime kwa hisani, mwandikie barua ya ruhusa, akupe sahihi yake, na muifanye upya kila baada ya miaka michache. Hatakasirika akielezwa vizuri, tena barua hiyo yamlinda yeye pia dhidi ya watoto wako.

Na siku utakapompa wakili au polisi hati ya asili, usiondoke bila stakabadhi inayotaja kila karatasi kwa jina, tarehe yake na idadi ya kurasa. Iweke stakabadhi hiyo katika sanduku, mahali pale pale hati ilipokuwa.